SOMO LETU: HABARI ZA UGONJWA WAKO NI ZA NANI?

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Katika somo lililopita tulijifunza namna ya kuhesabu malipo ya saa za ziada. Leo tunaingia katika jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia madaktari peke yao, nalo ni maandishi ya ugonjwa wetu. Nani huyaandika? Nani huyatunza? Nani huyasoma? Na siku hizi ambapo yanatiwa katika kompyuta na kupelekwa kwa intaneti kutoka hospitali moja hadi nyingine, nani huyazuia yasifike mahali pasipotakiwa?

Asiseme mtu kwamba hili ni jambo la wasomi. Sisi tunaoandika somo hili tuliishia shule ya msingi. Tuliuliza kwa manesi, kwa makarani wa mafaili na kwa vijana wanaotengeneza kompyuta, tukaelewa. Kuuliza si ujinga. Someni pole pole, mkiwa wengi, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

1. DAFTARI LILILOBAKI LAYINI

Kila mmoja wetu hapa Uganda analijua daftari la hospitali. Ni lile lile daftari la shule, unalinunua dukani kwa pesa kidogo, nesi anaandika jina lako juu, na daktari anaandika ndani. Likijaa unanunua jingine. Likinyeshewa au likitafunwa na panya, habari zako zimekwisha.

Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza mwenzetu mkata miwa. Alikuwa amejikata mguu kwa panga akiwa kazini. Siku ya kwanza alifungwa kidonda katika zahanati ya shamba. Siku ya tatu mguu ulivimba, akapandishwa gari la kampuni, akaletwa Kampala usiku akiwa na homa kali. Daftari lake lilibaki layini, chini ya godoro.

Daktari wa zamu alituuliza maswali ya haki kabisa. Je, alichomwa sindano ya pepopunda? Alipewa dawa gani? Kuna dawa inayomdhuru? Damu yake ilipimwa? Sisi tulisimama pale kama miti. Mgonjwa mwenyewe alikuwa akiweweseka. Basi daktari akaanza upya. Vipimo vilivyokwisha kufanywa vilifanywa tena, na pesa zikatoka tena.

Mwenzetu alipona, lakini shauri halikuishia hapo. Tulipodai fidia, tuliulizwa: maandishi ya siku ya kwanza yako wapi? Nani anathibitisha kwamba aliumia kazini na si nyumbani akichanja kuni? Daftari lilitafutwa, likapatikana bila kurasa za mbele. Mtoto alikuwa amezichana kuwashia moto. Kazi ya kulitafuta shahidi ilituchukua miezi mingi.

Hapo tulijifunza kwamba maandishi ya daktari yana kazi mbili kwa mfanyakazi. Yanamwongoza daktari wa pili asikosee, na yanakuwa ushahidi siku ya kudai haki.

2. MAANDISHI YALIYOTUNZWA NI DAWA

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Daktari Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, na tangu siku zile aliandika habari za wagonjwa wake kwa utaratibu. Karatasi hizo zimehifadhiwa Makerere hadi leo.

Mfano mkubwa zaidi ulitokea Mulago. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya. Baadaye akamwona mwingine. Alikwenda kwenye mafaili ya wagonjwa wa zamani akaona kwamba watoto wa namna ile walikuwa wengi, ila kila daktari alikuwa amemwona wake peke yake. Mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo. Kisha aliwapelekea madaktari wa hospitali nyingi za Afrika karatasi zenye picha, akiwauliza: je, na kwenu mnauona uvimbe huu? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia katika gari wakasafiri maili 10,000 hivi kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali.

Majibu yalipokusanywa, ilionekana kwamba ugonjwa unafuata sehemu zenye joto na mvua, mahali penye malaria nyingi. Vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kwa ndege kutoka Kampala viliwawezesha wataalamu kugundua kirusi kipya mwaka 1964. Leo saratani hiyo inaitwa kwa jina la Burkitt, na watoto wengi wanaotibiwa mapema hupona.

Sasa tafakarini, ndugu. Mfanyakazi mmoja wa pamba akikohoa, daktari ataandika kikohozi. Lakini wafanyakazi kumi wa chumba kimoja cha kusokota nyuzi wakikohoa, kila mmoja katika kliniki yake, nani atajua kwamba adui ni vumbi la pamba? Ni hivyo hivyo kwa vumbi la makapi ya miwa, na kwa dawa za kupulizia maua na chai. Ugonjwa wa kazini hujificha katika mafaili yasiyokutana.

3. KUTOKA DAFTARI HADI KOMPYUTA

Kompyuta inafanya kwa dakika kazi ambayo Burkitt aliifanya kwa miezi. Jirani zetu wa Kenya walitangulia. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza habari za wagonjwa katika kompyuta. Kutokana na kazi ya huko, wataalamu wa Kenya na wa Marekani walianza mwaka 2004 kutengeneza programu iitwayo OpenMRS, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Programu hii ni ya bure. Nchi yoyote yaweza kuichukua na kuirekebisha kwa mahitaji yake. Hapa Uganda imerekebishwa ikaitwa UgandaEMR, nayo inatumika hasa katika kliniki za wanaotumia dawa za UKIMWI.

Tusichanganye mambo mawili. Kuna habari za jumla na kuna habari za mtu. Habari za jumla ni kama kusema: mwezi huu kituo chetu kilitibu watu 300 wa malaria. Hakuna jina la mtu ndani yake. Wilaya zetu zimekuwa zikituma jumla kama hizo kwa kompyuta tangu mwaka 2012, kwa programu iitwayo DHIS2. Habari za mtu ni kusema: fulani, wa layini fulani, ana ugonjwa fulani. Hizi za pili ndizo zinazohitaji kufuli.

Faida ya kuunganisha kompyuta za madaktari ni wazi. Wafanyakazi ni watu wa kuhama. Msimu huu uko Kakira, msimu ujao uko Lugazi, mwakani uko Kinyara. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetakiwa kumeza dawa kwa miezi sita asianzishwe upya kila anapohama. Anayepelekwa kutoka kituo kidogo hadi hospitali ya wilaya, na kutoka hapo hadi Mulago, akute habari zake zimekwisha kutangulia. Mwenzetu mkata miwa angekuwa na bahati hiyo, daktari wa usiku asingetuuliza sisi.

4. UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Lakini kitu kinachosafiri upesi chaweza pia kupotea upesi. Daftari likiibwa, ni mtu mmoja ameibiwa. Kompyuta ikiibiwa habari, ni maelfu.

Mwaka 2019 serikali ya Singapore ilitangaza kwamba habari za watu 14,200 wenye virusi vya UKIMWI zilikuwa zimetolewa hadharani katika intaneti, pamoja na majina yao. Zilitokaje? Hakuna aliyevunja ukuta. Zilitolewa na mtu aliyekuwa na uhusiano wa karibu na daktari mmoja, na daktari huyo alikuwa na ruhusa ya kuiona orodha. Finland nako, mwaka 2020, maelfu ya watu waliokuwa wametibiwa mambo ya moyoni na akilini walipokea ujumbe: toa pesa, la sivyo tutatangaza uliyomwambia mganga wako. Kampuni iliyotunza habari zile ilikuwa imezilinda vibaya.

Hizo ni nchi tajiri, zenye mitambo kuliko sisi. Basi tusidanganyike kwamba mashine yenyewe inatosha.

Na kwa mfanyakazi, mwizi wa mbali siye hatari ya kwanza. Hatari ya kwanza iko chini ya paa la kiwanda. Tunamjua mama mmoja aliyekuwa katika idara ya kufungasha. Alikuwa akitibiwa katika zahanati ya kampuni. Kompyuta ya zahanati ilikuwa imewekwa chumba kimoja na karani wa mishahara, na neno la siri lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Siku moja nyapara akamwambia mbele ya wenzake: wewe nenda kazi ya kufagia, afya yako tunaijua. Mama yule hakuwa amemwambia mtu, hata dada yake.

Chama kiliingilia kati, akarudishwa katika kazi yake. Lakini zahanati ile hakuikanyaga tena. Siku ya dawa huamka saa kumi za usiku, hupanda taksi mbili kwenda kituo cha mbali asikojulikana, na nauli ni yake. Tena si yeye peke yake. Baada ya siku ile wanawake wengi wa idara ile waliacha kwenda kupimwa. Siri ikivuja mara moja, watu huficha ugonjwa, na ugonjwa uliofichwa huua.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: habari za mgonjwa zisafiri kutoka kwa daktari hadi kwa daktari. Zisipite katika meza ya meneja utumishi, wala ya karani, wala ya nyapara.

5. KUFULI TANO

Wataalamu wametueleza namna ya kulinda habari zinazosafiri kwa intaneti. Tumeziweka kwa mifano ya kazini kwetu ili kila mtu azijue.

Kufuli la kwanza ni kumtambua mgonjwa. Kuna akina Okello wangapi katika shamba moja? Kila mgonjwa awe na namba yake, kama namba yako ya kazi, ili habari za huyu zisiingie kwa yule. Kukosea hapa ni kumpa mtu dawa ya mwingine.

Kufuli la pili ni ruhusa kwa kadiri ya kazi. Mwenye ufunguo wa stoo ya mbolea hana ufunguo wa sefu ya mishahara. Vivyo hivyo, daktari anayekutibu aone ugonjwa wako. Karani wa mlangoni aone jina na zamu yako, basi. Kila mtu awe na neno lake la siri, na asimpe mwenzake hata kama ni rafiki.

Kufuli la tatu ni kugeuza maandishi kuwa fumbo yanapokuwa safarini. Ni kama barua iliyoandikwa kwa lugha wanayoijua wawili tu, aliyeituma na anayeipokea. Mtu akiikamata njiani ataona herufi zisizo na maana. Hapa tuonye jambo moja. Siku hizi baadhi ya waganga hupiga picha faili kwa simu na kumtumia mwenzao kwa WhatsApp. Nia ni njema, na ujumbe unafungwa ukiwa njiani, lakini picha inabaki ndani ya simu ya mtu. Simu ikiibwa, ikiuzwa, au mtoto akiichezea, siri yako iko sokoni.

Kufuli la nne ni daftari la nyayo. Mlinzi wa getini huandika kila gari linaloingia na saa yake. Kompyuta nayo iandike: nani alifungua faili la nani, siku gani, saa ngapi. Mtu akijua kwamba nyayo zake zinabaki, huogopa kuchungulia. Lakini daftari hilo lisomwe. Daftari la getini lisilokaguliwa halimzuii mwizi.

Kufuli la tano ni nakala. Umeme wetu tunaujua. Mashine ikiungua au mvua ikivuja juu yake, pawe na nakala nyingine mahali pengine, nayo iwe imefungwa kwa namna ile ile. Habari zilizopotea ni hasara kwa mgonjwa kama zilivyo habari zilizoibwa.

6. SHERIA INASEMAJE

Tunayo sheria, ndugu, tena si mbaya. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ilianza kutumika Uganda mwaka 2019. Inaziweka hali ya afya na maandishi ya matibabu katika fungu la habari zinazolindwa kuliko nyingine. Hazikusanywi wala kutumiwa ovyo. Kwa kawaida ni lazima mwenyewe ukubali kwa hiari yako, ila kuna milango ambayo sheria yenyewe imeifungua, kama vile wajibu ambao mwajiri amepewa na sheria. Una haki ya kuuliza ni habari gani zako zimetunzwa na nani amepewa, na una haki ya kudai makosa yasahihishwe. Habari zikivuja, aliyezitunza lazima aiarifu ofisi ya serikali ya kulinda data mara moja. Anayetoa habari za mtu kinyume cha sheria aweza kutozwa faini hadi shilingi 4,800,000, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni nayo yaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka.

Hati ya Haki za Wagonjwa, iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2009, inasema kwamba habari za mgonjwa zisitolewe bila ridhaa yake, isipokuwa pale sheria au mahakama inapoamuru. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya virusi vya UKIMWI au ulemavu.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1996 kanuni za mwongozo juu ya habari za binafsi za wafanyakazi. Si sheria ya kumfunga mtu, lakini ni silaha nzuri mezani. Zinasema kwamba mfanyakazi akipimwa afya, mwajiri aambiwe tu uamuzi unaohusu kazi, yaani anafaa kwa kazi hii, au hafai, au asipewe kazi fulani. Ugonjwa wenyewe usitajwe. Meneja ana haki ya kujua kwamba usibebe mizigo kwa wiki mbili. Hana haki ya kujua kwa nini.

Na kwa upande wa fidia, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inategemea neno la daktari. Daktari ndiye anayekadiria umepoteza kiasi gani cha nguvu zako. Ukiwa na maandishi kamili tangu siku ya ajali, hata kukiwa na ubishi una pa kusimama.

7. TUFANYE NINI

Kila mfanyakazi afanye haya. Akiumia kazini, aseme waziwazi mbele ya mganga kwamba ameumia kazini, na ahakikishe imeandikwa, pamoja na tarehe na saa. Aombe nakala. Asimpe mtu kadi yake wala namba yake ya matibabu. Akiletewa karatasi ya kukubali, asitie kidole gumba kabla ya kusomewa kwa lugha anayoielewa. Na aulize: habari hizi zinakwenda kwa nani?

Matawi yafanye haya. Wawakilishi wetu waende kuitazama zahanati ya kampuni. Kompyuta iko chumba gani? Nani ana neno la siri? Mganga akiondoka kazini, neno lake linafutwa? Katika mapatano ya pamoja yanayofuata, tudai kifungu kimoja kinachosema: maandishi ya matibabu yako chini ya mganga, mwajiri anapewa neno la kufaa au kutofaa kazi peke yake, na chama kinapewa kila mwaka hesabu ya jumla ya magonjwa na ajali kwa kila idara, bila majina.

Hesabu hiyo ya jumla msiisahau. Ndiyo itakayotuonyesha kwamba chumba cha nyuzi kinakohoa, au kwamba wapulizaji wa dawa wanaumwa macho. Siri ya mtu ifungwe, lakini ugonjwa wa idara utangazwe. Waajiri wengine hupenda kinyume chake. Ya mtu huyajua wote, na ya idara huyaficha.

Wengine watasema basi tukatae kompyuta, turudi kwenye daftari. Hapana. Daftari halikumsaidia mwenzetu usiku ule. Tunataka kompyuta, na tunataka kufuli, na tunataka kujua nani ameshika ufunguo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Je, katika tawi letu kuna aliyewahi kupoteza daftari la hospitali? Alipata hasara gani?

2. Kompyuta au mafaili ya zahanati yetu yako wapi, na nani anaweza kuyafungua?

3. Mganga wa kampuni analipwa na mwajiri. Je, siri zetu ni wajibu wake kwa nani? Tumwulize nini ili tujue msimamo wake?

4. Kuna idara gani ambayo watu wake wanaugua ugonjwa wa namna moja? Tutapataje hesabu bila kutaja majina?

Majibu yaandikwe na katibu wa tawi na kuletwa ofisini Kampala. Yasiandikwe majina ya wagonjwa.

Umoja ni nguvu.